Usimuulize Bibi "Zamani Mliishije?" Muulize Jumatatu Walifanya Nini

Kwa miaka sita nililea wazee katika nyumba moja ya wazee mjini Rochdale, kaskazini mwa Manchester. Watanzania wengi niliowafahamu huko walikuwa wakibeba boksi kwenye maghala. Mimi zamu yangu ilikuwa kuogesha, kulisha, kuwageuza waliolala kitandani, na kukaa nao. Kule kukaa nao ndiko kulikonifundisha haya ninayokuandikia, hasa wewe mwenye mzazi au bibi aliye hai, ambaye kila ukienda likizo unajiambia "safari hii nitamrekodi", kisha siku zinaisha.

Nilianza vibaya. Nikishamaliza kumvalisha mtu, nilimuuliza, "Maisha ya zamani yalikuwaje?" Wote walinijibu jambo moja, kama waliokaririshwa darasani: tulikuwa maskini lakini tulikuwa na furaha, majirani walipendana, milango haikufungwa. Nilisikia maneno hayo kwa watu zaidi ya kumi na sikujua lolote kuhusu hata mmoja wao. Swali pana humpa mzee jibu ambalo ameshalitoa mara mia. Halimrudishi popote.

Mlango ulifunguka siku nilipokuwa nakunja mashuka mbele ya bibi mmoja aliyekuwa ameanza kupotewa na kumbukumbu. Mchana ule hakukumbuka kama amekula. Akayatazama mashuka, akauliza leo ni siku gani. Nikamwambia Jumatatu. Akasema, "Basi mama yuko uani, usiende kumsumbua," na kutoka hapo alizungumza karibu saa nzima.

Jumatatu ilikuwa siku ya kufua katika miji yote ile ya viwanda. Moto uliwashwa alfajiri chini ya chungu kikubwa cha kuchemshia nguo. Nguo zilihamishiwa kwenye pipa, zikasokotwa na kupondwa kwa mti mrefu ambao mwisho wake ulikuwa na miguu kama kigoda. Kisha zikapitishwa kati ya magogo mawili ya mashine ya kukamulia, mtoto akizungusha mpini na mama akisukuma nguo, na kila mtoto alionywa kuhusu vidole. Maji ya mwisho ya nguo nyeupe yalitiwa buluu. Aliposema buluu nilisimama, maana ni buluu ileile mama yangu aliyokuwa akifunga kwenye kitambaa na kuitumbukiza kwenye beseni la mashati yetu ya shule, Moshi. Chakula cha Jumatatu kilikuwa nyama baridi iliyobaki Jumapili, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nafasi ya kupika. Kamba za nguo zilivuka barabara kutoka nyumba hadi nyumba, na ole wake muuza makaa ya mawe aliyeleta gari lake siku hiyo, na magunia yake meusi ya kilo hamsini hamsini, akiomba apishwe.

Yote hayo yalitoka kwa mtu asiyekumbuka chakula cha mchana. Wanaochunguza kumbukumbu wanaeleza kwamba mambo ya takriban umri wa miaka kumi hadi thelathini ndiyo mtu hubaki nayo zaidi uzeeni. Lakini mimi ninavyoona, jambo lililomfungua lilikuwa kazi ya mikono na siku yake katika juma. Kwa hiyo anzia hapo. Jumamosi jioni mlikuwa mnafanya nini? Nani alikwenda kuchota maji? Nani aliwasha moto? Nyama ilikatwaje na nani alipewa kipande gani? Ukipata jibu, usirukie swali lingine. Uliza "halafu?"

Ukiweza, mpe kitu ashike. Nilinunua kwenye duka la vitu vya mitumba peni tano za zamani, zile kubwa za shaba nyeusi. Kabla ya tarehe 15 Februari 1971 pauni moja ya Uingereza ilikuwa na shilingi 20, na kila shilingi peni 12, hivyo pauni ilikuwa peni 240. Nilimwekea peni moja mkononi babu mmoja aliyewahi kuwa kondakta wa basi. Aliipima uzito, akaanza kunitajia nauli za kila kituo kutoka mjini hadi mwisho wa njia. Baadaye akaongeza kwamba watoto waliomba peni moja moja mitaani mwanzoni mwa Novemba, wakiwa wamekalisha sanamu ya matambara kwenye mkokoteni, ili wanunue fataki za usiku wa tarehe 5, sikukuu ya Waingereza ya mioto na fataki. Swali "utoto wako ulikuwaje?" nilikuwa nimeshamuuliza mara mbili, na mara zote mbili alisema "kawaida tu."

Uliza pia namba. Hili sikulitegemea kabisa. Rochdale ndipo mafundi na wafanyakazi 28 walipofungua duka lao la ushirika tarehe 21 Desemba 1844, katika mtaa wa Toad Lane, wakiuza unga, siagi, sukari na shayiri, na kumgawia kila mwanachama faida kulingana na manunuzi yake. Jengo lile sasa ni makumbusho. Marehemu baba yangu alikuwa mwanachama wa chama cha msingi cha kahawa, na jina la Rochdale nililisikia kwanza kutoka kwake, kwa kuwa wana ushirika wa Kilimanjaro walifundishwa habari za wale 28. Nilipowaambia wazee hivyo, bibi wa Jumatatu alitaja namba. Sikuelewa. Mwenzake akanieleza: ni namba ya uanachama ya mama yake dukani. Mtoto aliyetumwa kununua sukari alipaswa kuitaja pale kaunta, la sivyo ile faida, waliyoiita "divi", ingepotea. Meza nzima ikaanza kutaja namba za mama zao, watu wa miaka themanini na zaidi, bila kusita. Nilikuwa na sahani mikononi na sikuweza kuziweka chini.

Kuhusu viwanda vya pamba nilijifunza zaidi kwa kutazama. Kulikuwa na mabibi wawili waliozungumza kutoka pande mbili za ukumbi wa chakula bila kutoa sauti, midomo ikichezeshwa kwa nguvu, kila neno likionekana. Mashine za kufuma zilipiga kelele kiasi kwamba hakuna aliyeweza kumsikia wa jirani yake, kwa hiyo wanawake walijenga usemi wa midomo. Nilipowauliza walianzaje kujifunza, nilipata hadithi ya siku ya kwanza kazini kwa msichana wa miaka kumi na minne: viatu vyenye soli za mbao na vyuma chini yake, ambavyo watoto walivipiga kwenye mawe ya barabara ili vitoe cheche, na mtu aliyelipwa kupita alfajiri na fimbo ndefu akigonga madirisha ya juu kuamsha wafanyakazi. Na lile juma moja la kiangazi ambapo viwanda vyote vya mji vilifungwa pamoja na mji ukahamia Blackpool, ukikutana ufukweni na majirani walewale uliowaacha nyumbani. Basi kabla hujauliza, mwangalie mzee wako. Namna anavyokunja kanga, anavyopepeta, anavyofunga mzigo: humo mna swali lako.

Wa vijijini walikuwa tofauti kidogo. Mmoja alikulia bondeni huko Yorkshire, nyumba yao ikiwa na taa za mafuta na maji ya bomba la kupampu kwa mkono. Kituo chao cha reli kilifungwa katika miaka ya sitini, kipindi ambacho maelfu ya kilomita za njia ndogo za reli ziliondolewa kufuatia ripoti ya mwaka 1963. Nilidhani atanisimulia safari. Alinisimulia maboksi ya vifaranga wa siku moja waliosafirishwa kwa treni, yenye matundu, yakilia mpaka stesheni nzima inasikika.

Sasa jambo ambalo naomba ulizingatie kuliko yote. Kumbukumbu hutia sukari, na mtu aliye mbali na ujana wake, kama sisi tulio mbali na nyumbani, huionja kwa hamu. Kwa hiyo kila nilipopata hadithi nzuri niliuliza: "Na kitu gani usingependa kirudi?" Sura hubadilika. Mmoja wa wale waliosema milango haikufungwa aliniambia, baada ya kimya, kwamba hakukuwa na cha kuiba. Choo kilikuwa uani, na katika baridi kuu ya mwaka 1947 maji yaliganda ndani yake kwa majuma. Ijumaa usiku familia ilioga kwa zamu katika beseni moja la bati mbele ya moto, na yeye, kwa kuwa mdogo kabisa, aliingia maji yakiwa ya kijivu. Nguo zile nyeupe za Jumatatu zilianuliwa zikiwa na madoa ya masizi, maana kila nyumba na kila kiwanda kilichoma makaa ya mawe. Sheria ya kusafisha hewa ilikuja mwaka 1956, miaka minne baada ya moshi mzito uliowaua maelfu ya watu London. Baba yake alikufa akikohoa vumbi la pamba. Aliyasema hayo huku bado akiipenda barabara ile kwa moyo wake wote. Ukiandika nusu ya kwanza peke yake umemwandikia kadi ya salamu. Mwandikie maisha yake yote.

Usimsahihishe anapozungumza. Bibi mmoja alisisitiza kwamba peremende ziliachwa kuuzwa kwa mgao siku Malkia Elizabeth alipotawazwa. Mgao wa peremende uliisha Februari 1953, na kutawazwa kulikuwa tarehe 2 Juni mwaka huohuo. Katika kichwa cha msichana mdogo mambo hayo mawili yameungana, utamu pamoja na jirani aliyenunua televisheni na kuwakaribisha wote. Niliandika kama alivyosema, kisha pembeni nikaweka tarehe. Vyote viwili vina thamani.

Na ujue pa kunyamaza. Babu mmoja alipelekwa kijijini mwaka 1939 kukimbizwa mabomu, na kikaratasi chenye jina lake kimefungwa kwenye koti. Akisimulia, alifika pale watu waliposimama kuchagua watoto wa kuwachukua, akakoma. Nilimshika mkono. Sikuuliza tena hadi yeye mwenyewe aliporudi kwenye habari hiyo baada ya miezi, na akaimalizia.

Kuhusu uandishi wenyewe: omba ruhusa kwanza, kwake na kwa familia. Mimi sikuandika jina la mtu hata mmoja. Andika siku hiyohiyo kabla ya kulala, kwa sababu kesho utabaki na maana tu na maneno yake yatakuwa yametoka. Na mwache aongee lugha yake. Wazee wale walizungumza kwa lafudhi ya Lancashire (mpaka leo hawakubali kwamba mji wao ulihamishiwa mkoa mwingine mwaka 1974), na nilipojaribu kuyanyoosha maneno yao yalikufa. Kama mama yako anasimulia kwa Kichaga au Kisambaa, rekodi kwa lugha hiyo, tafsiri utafanya baadaye.

Mimi niliyajua haya yote kuhusu jikoni za Rochdale kabla sijajua lolote la jikoni kwa bibi yangu mzaa mama, na hilo linaniuma. Aliondoka nikiwa bado naahirisha. Ndiyo maana Jumapili moja nilimpigia mama simu, na badala ya kumuuliza habari za afya na za mvua peke yake nikamuuliza, "Mama, ile buluu mlikuwa mnanunua wapi, na nani alikuwa anatumwa?" Alishangaa. Akauliza kama niko salama. Kisha akaanza: duka gani, Mhindi gani, senti ngapi, ndugu gani aliyeipoteza njiani akachapwa. Tuliongea mpaka vocha yangu ikaisha, nikanunua nyingine.

Mwishoni nikamuuliza kama anakumbuka namba ya baba ya chama cha kahawa, ile aliyoitaja akipeleka magunia kupimwa. Aliitaja papo hapo, kwa pumzi moja. Nikamwomba airudie polepole, nikaiandika kwenye daftari langu, chini ya namba ya yule bibi wa Jumatatu.