Trela la pini kwenye pikapu yenye tufe

SWALI: Pikapu yangu ina tufe la chuma la kuvutia trela katikati ya bodi, lakini trela ninalotaka kulivuta kutoka Morogoro lina pini, yaani nondo nene inayoshuka mbele ya trela, ya kukaa kwenye sahani ya chuma ya kuifungia. Je, adapta ya kurefusha pini hadi kwenye tufe inafaa? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Ndugu msomaji, sikushauri hata kidogo. Kadiri pini inavyorefushwa kwenda chini, ndivyo kila breki na kila shimo vinavyozidi kuipinda chasisi ya trela pale mbele, na barabara ya Kitonga ina kona na miinuko isiyosamehe. Tafuta sahani inayofungwa juu ya tufe, ili pini ibaki na urefu wake wa kiwandani. Pima tufe kwanza. Mengi yana kipenyo cha inchi 2 na 5/16.