Uliza Fundi: pedi zimelala, draiva inanguruma, na ngozi au mahameli?

Barua za safari hii nusu zinauliza amplifaya na nusu zinauliza kebo, ila nikizisoma vizuri naona wengi wenu shida iko kwenye pedi za hedifoni, zile mnazolaza masikio kila siku na hakuna anayeziangalia mpaka zianze kubanduka. Basi leo tunakaa hapo hapo. Barua nimezifupisha, msinune.

Swali: Habari za kazi fundi. Nimenunua hedifoni ya Sennheiser HD 600 ya mkononi kwa mtu, safi kabisa haina hata mkwaruzo. Miaka yote nasikia watu wanaisifia kwamba sauti za waimbaji zinakaa wazi, ila hii yangu ni kama mtu anaimba ndani ya blanketi. Nilitaka kununua kebo ya fedha, mwenzangu anasema hapana tafuta amplifaya kubwa maana hiyo ina ukinzani wa umeme wa omu 300. Nianze na ipi? (Wa Mkono wa Pili)

Jibu: Usianze na yoyote. Vua hedifoni, igeuze, bonyeza pedi kwa kidole uone kama inarudi juu au inabaki imelala. Halafu vaa tena utulie, je sikio linagusa kile kisponji cheusi cha ndani? Kama linagusa basi jibu unalo tayari. HD 600 ilitoka 1997 na bado inatengenezwa, kwa hiyo ya mkono wa pili inaweza kuwa na umri wa mtu mzima kabisa huku pedi zake ni zile zile ilizozaliwa nazo, na mkwaruzo hauna habari na hilo, sponji inazeeka ikiwa ndani ya kitambaa kizuri tu.

Watu wanachukulia pedi kama mto, kwamba kazi yake ni usiumie. Hapana bana. Ile nafasi kati ya draiva (kile kispika kidogo cha ndani) na sikio ni sehemu ya mtambo wenyewe, waliotengeneza walipanga sauti wakiwa wameihesabu, sasa sponji ikilala draiva inasogea, pengine na pembe inabadilika, besi na sauti za kati na za juu zinapoteza uwiano wake, af wewe unaanza kulaumu waya.

Kubadilisha ni rahisi na hakuna gundi. Ingiza vidole upande wa ndani wa pedi, shika ukingo wa plastiki ulioko chini yake, vuta taratibu, utasikia ta, ta, ta, vishikio vinaachia kimoja kimoja. Ukiona kile kisponji chembamba kinachofunika draiva nacho kinamong'onyoka kama keki ya juzi, badilisha na chenyewe, usikiache nje ukadhani umefungua sauti, kinazuia vumbi na pia kinatuliza sauti za juu kidogo. Pedi mpya ukiziweka kandamiza kuzunguka pembeni yote mpaka kila kishikio kilie. Kimoja kikibaki juu utakaa wiki nzima unajiuliza mbona upande wa kushoto uko tofauti.

Kuhusu amplifaya, mwenzako hajakosea sana, omu 300 inataka volti za kutosha na simu nyingi zinaishia njiani. Ila dalili ya kukosa nguvu ni sauti kuwa ndogo hata ukifungua mpaka mwisho, siyo blanketi. Kama unasikiliza kwa raha na bado una nafasi ya kupandisha, nguvu unayo. Na kebo ya fedha, sawa, inang'aa vizuri kwenye picha. Kebo ya HD 600 utaihangaikia siku upande mmoja unakatika katika, hapo chomoa vile vipini viwili, vifute kwa spiriti, rudisha, mara nyingi ndo mwisho wa ugonjwa.

Pedi tafuta za orijino kwanza. Za kuigwa zinafanana kwa picha tu, ukizishika sponji ni ngumu zaidi au tundu la katikati ni dogo, na hayo yote masikio yanayasikia. Ukishajua hedifoni yako inaliaje ikiwa na pedi zake halisi, hapo ndo una haki ya kuanza vituko.

Swali: Fundi shikamoo. Nina Beyerdynamic DT 770 Pro, ile ya omu 80. Wananiambia nikitoa hizi pedi za mahameli nikaweka za ngozi besi itaongezeka. Ni kweli au ni stori za vijiweni? Halafu navaa miwani. (Mdogo wako Mpenda Besi)

Jibu: Marahaba. Ni kweli, na sababu yake siyo ngozi kama ngozi, ni hewa. Hedifoni iliyofungwa, yaani vikombe vyake vimezibwa nyuma, kama DT 770 inatoa besi kwa kusukuma hewa iliyobanwa kati ya draiva na sikio, sasa mahameli na kitambaa vinapitisha hewa kidogo pembeni, ngozi haipitishi, basi ile besi iliyokuwa inatorokea shavuni inabaki ndani. Kabla hujanunua chochote fanya jaribio hili, cheza wimbo wenye gita la besi linaloeleweka, halafu kwa viganja kandamiza vikombe vyote viwili kichwani kidogo tu. Besi ikipanda ghafla ujue kuna mahali panavuja. Na wewe wa miwani nakuapia itapanda, maana mkono wa miwani unainua pedi nyuma ya jicho na kuacha kijitundu, kidogo hivyo hivyo lakini besi zote za chini kabisa zinapitia hapo.

Kwa hiyo wewe jaribu kwanza miwani yenye mikono myembamba, au pedi laini zaidi za memori fomu (sponji inayofuata umbo la unachokiegemeza) zinazoufunika mkono wa miwani badala ya kuupandia juu. Ngozi ngumu kwa mtu wa miwani inaweza ikavuja kuliko mahameli laini, hapo utakuwa umelipia hasara.

Na ujue unachonunua. DT 770 tayari ina besi ya kutosha, ukiongeza ngozi ile besi ya katikati inaweza ikavimba mpaka sauti ya mtu inasikika kama anaongea kwenye pipa, halafu ngozi inarudisha mwangwi wa sauti za juu ambao mahameli yalikuwa yanaunyonya, na jasho ndo usiseme. Kuna zile zenye vitobo vitobo upande wa ndani na ngozi nzima upande wa nje, mi naona hizo ndo za kuanzia, zinabana hewa bila kupiga kelele sana.

Ukifika kwenye kuvalisha sasa, hapo ndo watu wanatukana. Pedi ya Beyerdynamic ina kiukosi chembamba nyuma ambacho inabidi kizame kwenye mfereji unaozunguka kikombe. Usivute kwa nguvu pande zote mara moja, kitachanika. Anza juu, zamisha kama vidole viwili hivi, shikilia hapo kwa gumba, halafu chukua kadi ya plastiki (yoyote, ya zamani ya benki inafaa) ingiza chini ya ukosi na uizungushe taratibu kufuata mfereji, huku kidole kingine kinaukandamiza ukosi unaoachwa nyuma. Ukifika nusu itakuwa kama inakataa. Endelea tu. Robo ya mwisho inaingia yenyewe. Halafu zungusha pedi nzima kidogo kulia na kushoto ili mikunjo itoke.

Pedi za zamani usitupe. Za mahameli zinafuliwa kwa mkono, maji ya uvuguvugu na sabuni laini, unazikamua kwa kubonyeza kati ya taulo siyo kwa kusokota, kivulini mpaka zikauke ndani kabisa. Watu wengi wanashangaa pedi "iliyokufa" ikirudi, kumbe ilikuwa imelewa mafuta ya nywele.

Swali: Hedifoni yangu inanguruma upande wa kulia, zzzz, kwenye nyimbo fulani tu, hasa kinanda kikishuka chini. Draiva imekufa? (Jina kapuni)

Jibu: Karibu nikuambie bila kuiona, kuna unywele. Mmoja tu, umepenya kwenye kisponji na ncha yake inagusa utando wa draiva, utando ukitetemeka sana unagonga. Toa pedi, toa kisponji, washa tochi uangalie kwa upande siyo kwa juu, unywele unaonekana kama mstari unaong'aa. Uguse kwa upande wa gundi wa kipande cha selotepu kilichokunjwa ncha, uutoe. Usipulize kwa mdomo, usipulize kwa kopo la hewa, na tafadhali usilete mashine ya kufyonza vumbi, ule utando ni mwembamba kuliko unavyofikiri na ukishakunjamana haunyooki. Kama hamna unywele na bado inanguruma, badilisha upande wa plagi au jaribu chombo kingine kabla hujaizika.

Swali: Nilifungia hedifoni zangu kabatini muda mrefu sijazitumia kabisa, nazitoa pedi zinabanduka vipande vyeusi mpaka shingoni. Si hazikutumika jamani? (Dada Mwenye Hasira)

Jibu: Pole dada. Ile siyo ngozi, ni kitambaa kilichopakwa poliyurethani (aina ya plastiki), na adui yake mkubwa ni unyevu wa hewa, unaivunja vunja kidogo kidogo hata ikiwa imelala kabatini. Jasho na joto vinaharakisha tu. Mafuta ya kupaka ngozi hayaisaidii. Nunua mpya, futa vile vipande kwenye kisponji kwa brashi laini huku kikombe kimeangalia chini ili visidondokee draiva. Ngozi halisi ya kondoo inadumu zaidi, ila nayo inataka kufutwa futwa.

Swali: Nimebadilisha pedi, na kwenye kompyuta natumia Equalizer APO, programu ya kurekebisha sauti, na mpangilio uliokwisha tayarishwa wa AutoEq wa hedifoni yangu hiyo hiyo. Sasa sauti imekuwa kali inachoma. Mpangilio ni mbaya? (Mhandisi wa Chumbani)

Jibu: Mpangilio hauna kosa, umeandikiwa hedifoni ambayo huna tena. Ile mipangilio inatokana na vipimo vya hedifoni ikiwa na pedi fulani, mara nyingi zilizokuja nayo, halafu inasahihisha pale vipimo vinapoachana na mstari unaolengwa. Ukibadili pedi umebadili vipimo, kwa hiyo inapandisha mahali ambapo pedi mpya zilishapandisha. Izime kabisa, sikiliza bila kitu siku chache masikio yatulie, halafu ama rudisha pedi za orijino na mpangilio wake, ama acha pedi mpya na ushushe mwenyewe kale kasehemu kanakochoma, desibeli mbili tatu tu. Mambo mawili kwa pamoja huwezi kuyapima kwa masikio.

Swali: Nina hedifoni za plana (zile zenye utando bapa unaosukumwa na sumaku), nimeagiza pedi za mteremko, upande mmoja mnene mwingine mwembamba. Unene unakaa wapi, na kuna la kuogopa? (Msumaku)

Jibu: Unene unakaa nyuma ya sikio, ili draiva iangalie sikio kutokea mbele kidogo kama spika za sebuleni. Zina kushoto na kulia, zipange mezani kwanza uziangalie zikiwa jozi. Kama za kwako zimegundishwa, kama Audeze nyingi, zibandue polepole kuanzia pembeni na usafishe mabaki ya gundi kwa kidole, siyo kwa kimiminika kinachoweza kutiririka ndani.

La kuogopa lipo. Sumaku za plana ni kali na ziko pale pale, bisibisi au kibano cha chuma ukikisogeza kinanyakuliwa mkononi mwako na kinaweza kutoboa utando kabla hujashtuka. Tumia vya plastiki. Na ukimaliza usizivae kwa kuzibamiza kichwani, pedi mpya zinabana hewa sana na ule msukumo wa ghafla unaukunja utando, utasikia mkwaruzo kama karatasi. Tanguliza upande wa mbele wa pedi shavuni, halafu laza nyuma taratibu hewa itoke.