Kabla Hujauliza Msimamizi Atakuja Lini: Ushauri kwa Mwalimu wa Mazoezi

Kila mwezi Julai, walimu wa mazoezi, yaani wanachuo wa ualimu wanaotumwa kujifunza kufundisha shuleni, wanaporipoti katika shule ninayofundisha, barua za utambulisho zikiwa mkononi na mabegi yao bado yako chini ya mti karibu na ofisi, swali ninalolisikia kabla ya mengine yote ni hili: "Mwalimu, wasimamizi wa chuo huwa wanakuja wiki ya ngapi?" Siwalaumu, kwa sababu mwaka 2009 nami niliuliza vivyo hivyo katika shule moja ya kata wilayani Njombe, na kwa majuma mawili ya mwanzo nilifundisha kana kwamba wanafunzi 68 wa kidato cha pili waliokuwa mbele yangu walikuwa mashahidi tu wa somo nililomwandalia msimamizi wa kunipima ambaye hata hajafika. Tangu wakati huo nimeendelea kufundisha Kiswahili, na miaka ya karibuni nimepewa jukumu la kuwapokea walimu wa mazoezi wa somo hilo, hivyo mambo haya nimeyaona nikiwa mgeni na nimeyaona nikiwa mwenyeji.

Mada yangu ya kwanza ilikuwa mnyambuliko wa vitenzi. Nilikesha nikiandika kwenye karatasi ya manila kitenzi "pika" na kauli zake: pikia, pikwa, pikiwa, pikisha, pikiana. Darasani nilieleza kila kauli kwa jina lake, nikatoa mifano, kisha nikauliza, "Tumeelewana?" Darasa zima likaitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Nikatoa zoezi la vitenzi vitano, kengele ikalia, na katika sehemu ya tathmini ya andalio la somo, yaani mpango wa kipindi, nikaandika kwamba wanafunzi wameelewa kwa asilimia 90, namba ambayo sikuwa nimeipima popote.

Mwalimu mwenyeji wangu, mama mmoja mtaratibu aliyekuwa amekaa dawati la mwisho muda wote huo, hakusema neno hadi wakati wa mapumziko. Aliniomba nikusanye madaftari 10 kutoka safu ya nyuma, tukayafungua pamoja mezani kwake. Kitenzi cha tano kilikuwa "fa", katika kauli ya kutendewa. Mmoja aliandika "fewa", wawili "fwa", mwingine "faliwa", na waliobaki waliacha nafasi wazi. Mama yule hakunikaripia. Aliniambia tu kwamba kipindi kinachofuata niingie bila manila, niwaulize watoto hao hao jirani yao akiondokewa na mzazi huwa wanasemaje. Nikauliza. "Amefiwa!" walijibu, hata yule wa "faliwa". Neno walikuwa nalo vinywani tangu utotoni, wamelisikia kila palipokuwa na msiba kijijini, ila mimi nilikuwa sijawauliza wanachokijua kabla ya kuwamwagia nilichokijua mimi. Siku ile tulianzia kwenye "amefiwa", tukaichambua hadi tukaona kiambishi cha kutendea na cha kutendwa vimekaaje ndani yake, na majina ya kauli yakaja mwishoni, wakati tayari yalikuwa na kitu cha kutaja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako ni kuacha kuuliza "mmeelewa?" Itikio la "ndiyo" ni adabu waliyofundishwa tangu darasa la kwanza, na halikuambii chochote kuhusu kilichomo vichwani mwao. Uliza swali linalomlazimu mwanafunzi kutoa kitu: sentensi, mfano wa nyumbani kwao, kosa la kusahihisha. Kabla hujatoka darasani pita katikati ya madawati na usome madaftari matano au sita, hasa ya wale wasionyoosha mkono. Kisha sehemu ya tathmini na maoni uijaze kwa ukweli: wangapi walikosea, walikosea nini, na kesho utaanzia wapi. Walimu wengi wa mazoezi huijaza sehemu hiyo siku moja kwa wiki nzima, tena kwa maneno yale yale, ilhali ndiyo sehemu pekee ya andalio inayozungumzia kilichotokea. Mengine yote yanasema ulichokusudia.

Wiki ya kwanza, omba kukaa nyuma ya darasa. Najua unatamani kushika chaki, na najua shule nyingine, kwa uhaba wa walimu, zitakukabidhi vipindi siku hiyo hiyo uliyofika. Hata hivyo omba, walau vipindi vitatu au vinne, na usitazame somo lako peke yake. Tazama jinsi mwalimu wa hisabati anavyougawa ubao, namna anavyonyamaza darasa linapochafuka badala ya kupandisha sauti, na nani humnong'oneza mwenzake jibu. Kwa mwalimu wa taaluma omba ratiba na mhutasari wa somo, na kwa mwalimu mwenye somo omba azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, ili uone mada ilipoishia. Nimewahi kumpokea kijana mwenye bidii aliyefundisha wiki nzima mada ambayo wanafunzi walikwisha kuimaliza mwezi Mei, nao kwa heshima wakakaa kimya wakinakili upya.

Kuhusu andalio lenyewe, usinakili la mwenzako aliyetangulia. Kipindi cha dakika 40 hakiwi dakika 40 kamili, kwa kuwa wanafunzi wanaingia, ubao unafutwa, na mahudhurio yanachukuliwa. Chuoni ulifundishwa mbinu ya vikundi, nayo ni nzuri, lakini ipigie hesabu. Wanafunzi 68 katika vikundi vya watu sita ni vikundi 11 na wawili wamebaki. Kila kikundi kikiwasilisha kwa dakika mbili, zimekwenda dakika 22 za kuwasilisha peke yake, bila majadiliano yenyewe. Mimi huvipa vikundi vyote kazi, huku nikizunguka, kisha huchagua vitatu: kimoja kilichopata, kimoja kilichokosea kwa njia yenye funzo, na kimoja chenye jibu ambalo sikulitarajia. Wengine hulinganisha kazi zao na hizo tatu.

Jambo la nidhamu naliandika kwa uzito wote. Mwaka 2016 nchi nzima iliona video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi wa kidato cha tatu huko Mbeya, na walimu hao walifukuzwa vyuoni mwao. Walikuwa vijana kama wewe, na safari yao ya ualimu ilikatikia pale. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 hapa Tanzania zinampa mamlaka ya adhabu ya viboko mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, tena visizidi vinne na viandikwe kwenye kitabu. Wewe huna barua hiyo, wala usiiombe. Ukiingia ofisini ukakuta wenzako wanafanya vingine, hata kama ni wakubwa wako, usijiunge nao ili uonekane mwenzao. Mwanafunzi aliyekushinda mpeleke kwa mwalimu wa darasa lake, ueleze kilichotokea, kisha mzungumze naye baadaye mkiwa mmetulia. Kujua majina husaidia kuliko fimbo: chora ramani ya viti wiki ya kwanza, na ujifunze majina 10 kwa siku. Mwanafunzi msumbufu akiitwa kwa jina lake na mtu aliyefika wiki jana, mara nyingi hukaa chini mwenyewe.

Fedha za kujikimu wakati wa mazoezi huenda zikachelewa, basi beba akiba ya kukutosha chumba na chakula kwa wiki tatu. Na usichague shule kwa sababu tu iko karibu na nyumbani.

Msimamizi atakuja, na mara nyingi atakuja siku usiyomtegemea. Nimeona walimu wa mazoezi wakirudia siku hiyo somo walilokwisha kulifundisha, wanafunzi wakiwa wameelekezwa nani anyooshe mkono. Naomba sana usifanye hivyo. Msimamizi mzoefu humtambua mtoto anayejibu kabla swali halijaisha, na lililo zito zaidi ni kwamba umewafundisha watoto kudanganya kwa ajili yako. Endelea na somo lililo kwenye azimio. Likienda vibaya, mweleze baada ya kipindi ulichokiona na utakavyorekebisha, kwa sababu hapo ndipo anapokusaidia kweli.

Wiki ya nane, ambayo ndiyo ya mwisho, usiifanye ya kupiga picha na kuagana tu. Maliza kusahihisha madaftari yote uliyokusanya, rudisha vitabu vya maktaba, kisha mwandikie mwenye somo ukurasa mmoja: mada ulipoishia, alama za majaribio, na majina ya wale ambao bado wanahitaji kurudiwa, ukitaja kila mmoja anakwama wapi. Mama yule wa Njombe niliyemwachia ukurasa wa namna hiyo alinipigia simu mwezi Oktoba kunieleza kwamba mwanafunzi wa "faliwa" sasa ndiye anayewasomea wenzake insha.