Tairi za theluji kwenye lami ya Mtwara

Kaka, unauliza kama tairi zilizokuja na gari yako kutoka Japani, zenye mchoro wa mlima na chembe ya theluji ubavuni, zitakufaa masika kwa vile zina meno mengi. Hazifai, zitoe. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi, pale tairi ya kawaida inapoanza kukakamaa. Sasa hapa Mtwara nyuzi 7 utazipatia wapi, labda ndani ya friji! Bonyeza jino kwa ukucha, linabonyea kama kandambili mpya. Na vile vichanjo vyembamba juu ya kila jino ni vya kung'ata theluji na barafu. Kwenye lami ya moto meno yanayumba, breki inachelewa kushika, tairi yenyewe inalika upesi.

Mimi tairi kama hizo zilinipeleka hadi Masasi kupitia Mnazi Mmoja. Kila kona gari inaogelea, nikasingizia stelingi. Fundi akacheka, akaniambia nisome ubavuni: STUDLESS, yaani tairi ya theluji isiyo na misumari, herufi kubwa tu, na miezi yote nilikuwa napita hapo hapo.

Ukinunua nyingine, hata za mtumba, soma ubavuni zile tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. 3517 ni wiki ya 35 ya mwaka 2017. Muuzaji akikwambia "bado mpya hii", mwonyeshe hiyo namba. Rimu baki nazo, hazina shida.