Gari linadaiwa na mwenyewe hana habari: majibu ya maswali yenu ya faini za trafiki

Mwezi huu maswali ya faini yamekuja mengi kuliko ya bima na leseni yakiwekwa pamoja. Nimeyachagua yale yanayojirudia. Yote ni ya Tanzania Bara.

Shikamoo. Nilisimamishwa Kibaha nikielekea Morogoro. Trafiki aliingiza namba ya gari kwenye mashine yake akaniambia gari linadaiwa faini mbili. Mimi sijawahi kuandikiwa hata siku moja. Gari ni la mume wangu, analiendesha yeye na shemeji yangu. Nitajuaje madeni ni ya nani? – Mama wa Tabata

Marahaba. Kwanza elewa kwamba deni linaonekana kwenye namba ya gari, kwa hiyo yeyote atakayekamata usukani ndiye atakayesimamishwa nalo. Siku hiyo ilikuwa zamu yako.

Kulitafuta ni kazi ndogo. Fungua kwenye simu tms.tpf.go.tz, huo ni ukurasa wa Jeshi la Polisi wa kuangalia madeni. Unaweza kutafuta kwa namba ya gari au kwa namba ya leseni. Ukitumia ya gari, iandike yote kwa mfululizo bila kuacha nafasi, ukianza na ile T. Kama kuna deni utaletewa orodha: tarehe, mahali, kosa, kiasi cha faini, nyongeza kama muda wa kulipa umepita, na leseni ya dereva aliyeandikiwa.

Hapo kwenye leseni ndipo penye jibu lako. Chukua leseni ya mume na ya shemeji, linganisha namba. Na hata bila leseni, mahali na tarehe vinasema mengi. Gari ambalo Jumanne mchana lilikuwa "gereji Ilala" likionekana limeandikiwa Bagamoyo, hayo mtayamaliza nyumbani, safu hii haihusiki.

Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, ile yenye tarakimu 12. Kwa M-Pesa ni *150*00#, kisha sehemu ya kulipia, kisha malipo ya serikali. Mitandao mingine ina njia kama hiyo, na wakala wa benki pia anapokea. Soma kinachotokea kwenye skrini kabla hujaweka namba ya siri. Kama jina lililotokea ni la mtu binafsi, acha hapohapo. Siku hizi kuna matapeli wanaotuma ujumbe kwamba gari lako linadaiwa na wanakupa namba ya kutuma pesa. Deni la kweli utalikuta kwenye ukurasa wa polisi, huna haja ya kuletewa na mtu usiyemjua.

Mimi ni bodaboda, Buguruni. Nimeandikiwa 30,000. Wenzangu kijiweni wanasema yetu ni 10,000. Nani mkweli?

Wenzako wako sahihi. Katika bajeti ya 2021/22 faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, magari yakabaki na 30,000 yao. Lakini ni kwa kosa moja, kaka. Soma karatasi yako tena: wewe bila kofia ngumu ni kosa, na mshikaki wa abiria wawili nyuma ni kosa jingine. Makosa matatu yanakufikisha kwenye 30,000 bila mtu kukuonea. Kama ni kosa moja tu na limeandikwa 30,000, nenda na karatasi yako kituoni uulize chombo chako kimeingizwa kama kitu gani.

Nataka kununua gari mkononi mwa mtu. Dalali ananihakikishia kwamba halina deni lolote. Nimwamini?

Dalali analipwa gari likiuzika. Angalia mwenyewe, na angalia ukiwa kwenye gari lenyewe.

Nasema kwenye gari lenyewe kwa sababu. Watu wengi wanatumiwa namba kwa WhatsApp, wanaiingiza, wanakuta hakuna deni, wanafurahi. Siku ya makabidhiano wanakuta herufi ya mwisho siyo ile. Simama nyuma ya gari, soma kibao kwa macho yako, kilinganishe na kadi, kisha fungua boneti ulinganishe namba ya chasisi na iliyo kwenye kadi. Ndipo utafute deni. Ukilikuta, usikubali ile lugha ya "nitakupunguzia kwenye bei". Muuzaji alipe kwa simu yake ukiwa hapohapo, kisha rudi kwenye ukurasa mpaka uone deni limeondoka. Ndipo pesa yako itoke mfukoni.

Na usisahau maegesho. Hayo hayapo kwenye ukurasa wa polisi kwa sababu anayedai ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kwa simu yoyote, hata ya tochi, piga *152*00# ufuate menyu mpaka kwenye maegesho. Gari lililokuwa linalala Kariakoo linaweza kuwa safi kabisa kwa trafiki huku TARURA wanalisubiri kwa hamu. Kwenye mkataba weka sentensi moja: madeni yote ya kabla ya tarehe ya mauzo ni ya muuzaji. Kisha kamilisha uhamisho wa umiliki TRA. Kwa kweli muuzaji ndiye angepaswa kuharakisha hilo kuliko wewe, maana kadi ikibaki na jina lake, ukigonga mtu kesho polisi wataanzia kwake.

Nilitoka Dodoma, nikapigwa tochi Gairo. Trafiki anasema nilikuwa 67 kwenye eneo la 50. Mimi nina uhakika nilishatoka kwenye 50. Nimeandikiwa, sijalipa, na sikubali. Nifanye nini? – Mzee wa safari

Mzee wangu, umefanya vema kutolipa kama hukubali. Faini hii ya barabarani, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, ni ya mtu anayekiri kosa na kutaka limalizike bila kwenda mahakamani. Ukilipa umekiri. Hakuna kulipa kwanza halafu kulalamika.

Jambo la kwanza ungelifanya palepale, na nawaambia wengine: omba kuonyeshwa picha. Anayepiga tochi mara nyingi hayupo na anayesimamisha. Mmoja amejikunyata kilomita moja nyuma chini ya mti, anamtumia mwenzake picha kwenye simu. Kwenye picha tazama kibao kama kinasomeka na ni chako, tazama mwendo, tazama saa. Kisha tazama nyuma ya gari kwenye picha, kwenye mandhari: kuna nyumba, kuna kituo cha basi, kuna kibao cha barabarani? Hapo ndipo mabishano ya "nilishatoka kwenye 50" yanapoamuliwa. Kikomo cha 50 kinaanza kwenye kibao chake na kinaishia kwenye kibao cha kukiondoa. Kuona nyumba zimeisha hakutoshi, na madereva wengi wanakanyaga mafuta mita mia mbili kabla ya kibao hicho. Kama na wewe ni mmoja wao, lipa yaishe.

Kama una hakika, nenda kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, DTO, na ikishindikana kwa RTO wa mkoa. Nenda na namba ya ile notisi, picha za vibao ulizopiga mwenyewe, na video kama gari lako lina kamera ya mbele. Zungumza kwa adabu, mwambie unaomba picha ya tochi itazamwe upya. Wakishikilia msimamo wao nawe wako, njia iliyobaki ni mahakama, na huko hakimu akikukuta na hatia hafungwi na ile 30,000 ya barabarani.

Sasa maoni yangu. Kwa mtu anayeishi Dar, kurudi Gairo kubishania 30,000 ni hasara hata akishinda, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kulipa makosa wasiyoyakubali. Siwalaumu. Ila nenda haraka kama unakwenda, kwa sababu siku zinahesabika na nyongeza haisubiri uamuzi wako.

Gari langu halijatoka Arusha mwaka mzima, lakini lina faini ya Mbeya. Inawezekanaje?

Ama askari alikosea herufi alipokuwa anaingiza, ama kuna mtu Mbeya anatembea na namba yako. La kwanza ni la kawaida na linarekebishika. La pili ni hatari, kwa sababu leo ni faini na kesho ni tukio la ujambazi. Usilipe. Nenda kwa RTO hapo Arusha na kadi ya gari, waombe waangalie aina ya gari iliyoandikiwa na leseni ya dereva. Kama lako ni Noah na lililoandikiwa ni lori, hapana mjadala mrefu. Likionekana ni aina ileile na rangi ileile, fungua taarifa kituoni siku hiyohiyo na uondoke na RB yako, yaani namba ya taarifa uliyofungua.

Nimelipa tangu jana, deni bado lipo.

Tunza ujumbe wa malipo, usiufute. Hakikisha namba ya malipo uliyoingiza ni ya deni hilo, maana kila notisi ina yake, na mwenye madeni matatu hulipa moja akadhani amemaliza. Likiendelea kuonekana, peleka ujumbe huo kituo chochote cha trafiki wakaangalie.

Trafiki ameniambia nimpe 10,000 mkononi asiniandikie. Si ni nafuu kwangu?

Nafuu mpaka mbele, kwa trafiki mwingine, kwa kosa lilelile la taa iliyokufa. Pesa ya mkononi haina risiti, na mtoaji ana kosa sawa na mpokeaji. Sema kwa upole, "Afande, niandikie tu nitalipa kwa simu." Mara nyingi maneno hayo yanatosha kukurudishia leseni na onyo. Akikung'ang'ania, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa 113.

Niko Muscat, gari nimemwachia mdogo wangu Dar. Kila nikimuuliza ananiambia halina deni. Nitajuaje?

Ukurasa wa polisi nilioutaja juu unafunguka ukiwa popote, unahitaji namba ya gari tu. Ya maegesho itabidi umwagize mtu aliye Dar apige *152*00#. Usimwagize mdogo wako.