Maswali ya Wasomaji: Megawati 1,000 zinakula makaa kiasi gani?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Hivi mtu akijua tu mtambo wa makaa ya mawe unatoa umeme kiasi gani, anaweza kujua unachoma tani ngapi? Nauliza kwa sababu mtambo huohuo mmoja wa megawati 1,000 kuna jamaa anasema tani 3,500 kwa siku, mwingine karibu elfu kumi, halafu katokea wa tatu anasema 24,000, sasa tumwamini nani?

JIBU: Salama ndugu msomaji. Anaweza, tena hesabu yenyewe ni fupi, na katika hao watatu ni mmoja tu ambaye kakosea kabisa.

Anza na uniti. Uniti moja ya umeme (kilowati moja ikikimbia saa moja) ni megajuli 3.6, megajuli ni kipimo cha nishati, hiyo haibadiliki popote. Megawati 1,000 zikikimbia saa 24 ni uniti milioni 24. Makaa mazuri yana kama megajuli 25 kwa kilo, ukigawanya moja kwa moja unapata tani 3,456, ndo huyo jamaa wa kwanza. Kasahau kwamba joto la makaa haligeuki lote kuwa umeme, maana linachemsha maji, mvuke unazungusha tabaini, yaani gurudumu linalozungusha jenereta, na sehemu kubwa ya joto inaishia kwenye maji ya kupoozea na nyingine inatoka na moshi. Mitambo mingi ya zamani inaambulia asilimia 33 mpaka 36 hivi, ile ya kisasa kabisa inafika 45 au inapita kidogo. Weka 36: uniti moja inataka megajuli 10 za joto, yaani gramu 400 za makaa hayo, na kwa siku ni tani 9,600. Huyo wa pili yuko sawa.

Na wa tatu naye yuko sawa, ila makaa yake ni mengine! Kuna makaa ya kahawia, laini, yamejaa maji, kilo inaweza kuwa na megajuli 10 tu, hapo uniti inakula kilo nzima, kwa hiyo tani 24,000 unazipata bila shida. Ndo maana mitambo ya makaa hayo hujengwa palepale mgodini, nani abebe maji yote hayo kwa treni. Binafsi mtu akinitajia tani bila kusema ni makaa gani huwa hata sihangaiki kubishana naye.

Sasa ukitaka ya mwaka angalia usipigwe na megawati za kwenye kibao. Huo ni uwezo wa mtambo, sio kazi uliyofanya, kuna matengenezo, kuna saa ambazo wateja hawatumii sana, mtambo unapunguzwa na ukipunguzwa ufanisi nao unashuka. Ukikimbia asilimia 60 ya uwezo wake, tani milioni 3.5 za mwaka (zile 9,600 za kila siku mara 365) zinakuwa milioni 2.1. Tafuta uniti zilizofuliwa kweli, halafu uliza zimehesabiwa wapi, kwenye jenereta au kwenye laini inayotoka nje, kwa sababu mtambo wenyewe una feni, pampu na visagio vya makaa ambavyo vinaweza kula asilimia 5 hadi 8 ya umeme wake.

Mtego mwingine ni wa takwimu za China. Utakuta imeandikwa gramu 300 kwa uniti ukasema hawa jamaa ni wachawi, kumbe wanahesabu makaa sanifu ya kilokalori 7,000 kwa kilo (kilokalori nayo ni kipimo cha joto), makaa ya kwenye karatasi tu. Yale ya kweli yanayoingia kwenye boila yakiwa na kilokalori 5,000, hizo 300 zinakuwa gramu 420.

Kwa hiyo kwa mtambo wako, kama hujui makaa yake, andika kati ya tani 8,000 na 24,000 kwa siku. Ukishajua ni makaa gani na mtambo ni wa umri gani, utabana mpaka kukosea asilimia kumi hivi, chini ya hapo inabidi uone mizani ya mabehewa yanayoingia na lundo lililobaki uwanjani.