Re: Watoto wanasema "I am like ugali", nifanyeje?

Pole mwalimu mwenzangu, hao wa darasa la tatu wanaosema "I am like ugali" badala ya "I like ugali" hata mi walinisumbua sana. Shida inatoka kwenye Kiswahili chetu, "napenda" ni neno moja lina kila kitu ndani, sasa mtoto akifika kwenye Kiingereza anaona "I" peke yake haitoshi anatafuta kitu cha kujazia, ndo hiyo "am". Na "sipendi" ndo kabisa, utasikia "I not like".

Mi niliacha kuandika kanuni ubaoni nikaja na kikapu, embe, ndizi, karoti, dagaa wakavu kwenye mfuko, anayeshika anasema "I like" au "I don't like" na uso uendane, asiyependa akunje sura. Dagaa ndo waliamsha darasa zima maana pale kila mtoto ana lake la kusema toka moyoni. Zile picha za stroberi za vitabuni wanakariri tu, hawajawahi hata kuzionja.

Usikimbilie "she likes", waache kwanza wiki mbili tatu waulizane "Do you like" wawili wawili mpaka izoeleke mdomoni. Halafu mpunga, mchele na wali kwa Kiingereza zote ni "rice", waambie mapema manake watauliza tu, wangu mmoja aligoma kabisa kukubali. Na maharage iwe "beans", si "bean", tangu siku ya kwanza. Ukijaribu na dagaa rudi utuambie ilikuwaje.